Maboksi mawili ya airisi, misimu mitatu: lenye majina na la mchanganyiko

Wadau wa maua habari zenu. Hii rivyuu nimeichelewesha kwa makusudi kabisa, manake airisi huwezi kuisemea wiki mbili baada ya parseli kufika, hapo unakuwa unasifia boksi na karatasi tu, ua lenyewe hujaliona. Mi nimesubiri misimu mitatu ya maua, nimechimba, nimegawa, kuna zingine nimezipoteza, ndo sasa naona ninacho cha kusema. Na najua kuna mtu saa hizi anaangalia picha za airisi kwenye simu anataka kubonyeza anunue, huyo ndo namwandikia.

Nilinunua sehemu mbili, zote onlaini, zote msimu mmoja. Oda ya kwanza nilichukua kwenye kitalu kidogo ambacho kinalima airisi tu, hawauzi kitu kingine, nikachagua rizomu nane (yale mashina ya kupanda) na kila moja ina jina lake: Dusky Challenger, Immortality, Beverly Sills, Batik, Conjuration, Edith Wolford, Stairway to Heaven na Before the Storm. Oda ya pili ilitoka kwenye duka kubwa linalouza kila kitu cha bustani kuanzia mipira ya maji mpaka viti, pakiti moja yenye rizomu kumi na mbili wameandika "mchanganyiko wa rangi", na picha ya juu ina maua mekundu kama damu, meusi, ya bluu ya anga, yaani yanang'aa mpaka unajiuliza. Kwa rizomu moja moja pakiti ilikuwa rahisi kuliko kitalu kwa mbali sana, ndo maana nikasema ngoja nichukue zote mbili nilinganishe. Nikazipanda wiki moja, tuta moja, udongo uleule, jua lilelile, kwa hiyo nikisema hii imeshinda hii sio kwamba moja niliipendelea.

Kwa ambaye hajawahi kushika airisi ya ndevu, ile yenye vinyweleo kama ndevu katikati ya petali za chini, usitegemee kupokea mche wenye maua. Unapokea kipande kinachofanana na tangawizi, kina mizizi iliyokatwa na majani yaliyopunguzwa mpaka kama kiganja kimoja hivi, kikavu, kinaonekana kama kitu kilichosahaulika stoo. Hivo ndo inatakiwa! Rizomu ni shina linalotambaa juu ya ardhi na ndani yake limetunza chakula cha kutosha, linaweza kukaa wiki mbili bila udongo na lisife. Kinachoiua sio ukavu, ni unyevu uliofungiwa ndani. Kumbukeni hilo manake ndo chanzo cha tofauti ya kwanza kati ya hawa wauzaji wawili.

Boksi la kitalu lilikuwa na matundu pembeni. Ndani kila rizomu imezungushiwa karatasi, katikati wameweka manyoya ya mbao, hakuna nailoni hata moja, na kitu kilichonifurahisha zaidi ni kwamba jina limeandikwa kwa maka moja kwa moja juu ya jani lenyewe. Sio kwenye karatasi inayoweza kuchomoka, kwenye jani! Hapo unajua unashughulika na watu waliowahi kuchanganyikiwa wenyewe na majina wakajifunza. Nilizipima kwa vidole, zote ngumu, kubwa, nyingine zina macho mawili matatu pembeni yameshaanza kuvimba. Halafu wakaniwekea ya tisa ambayo sikuilipia, Silverado, ile ya bluu nyepesi karibu fedha. Kuongeza rizomu ya zawadi ni desturi ya vitalu vingi vya airisi kwa hiyo sio kwamba walinipendelea mimi, ila ukiipata unajisikia vizuri, na mimi ilinipa ua ambalo nisingelichagua mwenyewe na sasa silitoi.

Pakiti ya mchanganyiko sasa. Nailoni iliyofungwa, ndani wametia vumbi la mboji lenye unyevunyevu. Nilipofungua ikanipiga harufu, ile harufu ya kitu kilichooza ambayo ukishaijua huisahau, na rizomu tatu zilikuwa laini, ukibonyeza kidole kinazama. Ni ugonjwa wa kuoza laini, unaletwa na bakteria, unaingia kwenye jeraha lolote na ukikuta joto na maji umepata nyumba. Tatu kati ya kumi na mbili kabla hata sijachimba shimo! Zilizobaki tisa zilikuwa ndogo, nyingine kama kidole gumba. Nikapiga picha, nikaandika kwa huduma kwa wateja siku hiyohiyo, nikajibiwa na ujumbe wa mashine kwamba ombi langu limepokelewa, na mpaka leo naandika hapa ndo jibu hilohilo ninalo. Sitaitaja duka gani, ila ukiona airisi zimefungwa kwenye nailoni isiyo na tundu popote pale, we pita.

Kupanda sitaeleza sana, kumeandikwa sana. Jua la masaa sita au zaidi kwa siku, udongo usiotuamisha maji, nafasi ya sentimita 30 mpaka 45. Chimba, acha kilima kidogo katikati ya shimo, kalisha rizomu juu yake mizizi ishuke pande zote mbili kama mtu aliyepanda punda miguu huku na huku, fukia mizizi, mgongo wa rizomu uachie uone jua. Hapa ndo wengi wanaharibu, wanaifukia yote kama viazi, halafu wanasubiri maua miaka miwili wanaona majani tu. Kitalu walinitumia karatasi ya maelezo yenye mchoro mmoja unaoonyesha kina, fupi, imeeleweka. Pakiti ya duka kubwa ilikuwa imeandikwa panda kina cha sentimita 10. Kumi! Hayo ni maelezo ya maua mengine yenye vitunguu ardhini, wameyabandika kwa airisi, na mtu mgeni atafuata atajilaumu yeye.

Msimu wa kwanza. Hapa ndo nataka mnisikilize manake nimeona watu wengi wanawapa wauzaji nyota moja kwa sababu ya mwaka wa kwanza na wanawaonea. Kati ya tisa za kitalu, zilizotoa ua ni nne tu: Immortality, Dusky Challenger, Batik na Stairway to Heaven. Tano zikatoa majani. Kati ya tisa za pakiti ilichanua moja. Nilisikitika kweli, nakumbuka kila asubuhi naenda kuangalia katikati ya majani kama kuna shina linapanda, natoka nimeinama. Lakini ukielewa airisi inavyofanya kazi unatulia. Fikiria mgomba: mgomba ukishazaa mkungu hauzai tena, wanaozaa ni wale watoto waliochipua pembeni. Airisi ni hivohivo. Rizomu inatoa ua mara moja tu katika maisha yake, ikishatoa, basi, kazi yake inabaki kulea machipukizi ya pembeni, na hayo ndo yatakayotoa ua mwaka unaofuata au ule mwingine. Kwa hiyo ile isiyotoa ua mwaka wa kwanza ikakuletea machipukizi matatu manne yenye afya, haijakudhulumu. Kitu cha kukagua mwaka wa kwanza ni machipukizi, hesabu hayo. Za kitalu nilihesabu kati ya mawili na matano kwa kila moja. Za pakiti nyingi moja, nyingine sifuri.

Kuna jambo lingine kuhusu kutotoa ua ambalo muuzaji mwaminifu anatakiwa akwambie kabla ya kukuuzia: airisi za ndevu zinataka kipindi cha baridi ili ziandae ua. Sehemu ambayo joto halishuki mwaka mzima utapata majani mazuri na moyo mzito. Kitalu walikuwa wameandika hilo waziwazi kwenye ukurasa wa kila aina, na wanaoishi kwenye joto wakawaelekeza kwenye airisi za Louisiana ambazo zinastahimili joto na zinapenda unyevu. Yaani wako tayari kukosa mauzo kuliko kukuuzia kitu kitakachokushinda. Kwangu hilo peke yake lina nyota.

Msimu wa pili ndo bustani ilifunguka, na hapa nitakaa kidogo, mnisamehe.

Dusky Challenger kwanza. Ni kazi ya familia ya Schreiner wa Oregon huko Marekani, imesajiliwa mwaka 1986, ikapata medali ya Dykes mwaka 1992. Hii medali ndo heshima ya juu kabisa kwa airisi, imepewa jina la William Rickatson Dykes, Mwingereza aliyezichambua airisi mwanzoni mwa karne iliyopita, akafariki 1925, na wa kwanza kuipata walipewa 1927. Rangi yake kwenye picha inaonekana zambarau tu, ila ukisimama mbele yake asubuhi ni zambarau iliyokolea mpaka inakuwa kama hariri nyeusi inayopigwa na mwanga, petali tatu za juu zimesimama zimekunjana, tatu za chini zinashuka pana zimejikunja pembezoni, na ndevu za katikati nazo zambarau. Shina lilifika karibu mita moja na nilihesabu vichipukizi vya maua tisa kwenye shina moja. Hilo ni la maana sana kuliko watu wanavyodhani, manake ua moja la airisi linakaa siku tatu hivi linanyauka, sasa kama shina lina vichipukizi vinne msimu wako umeisha ndani ya wiki, kama lina tisa na matawi yamepangana vizuri unapata wiki mbili na zaidi. Ukinunua airisi usiulize rangi peke yake, uliza ina vichipukizi vingapi kwa shina. Kasoro ni kwamba ua ni zito, upepo ulilaza shina moja nikaanza kuweka vijiti.

Immortality ni nyeupe, ya Lloyd Zurbrigg, 1982. Sio ua la kukushangaza ukiliona kwenye picha, hata mimi niliichukua kujaza nafasi, sasa ndo naipenda kuliko nyingi. Inachanua na wenzake kisha, wenzake wote wakishakuwa majani matupu na umeshasahau habari ya airisi, inachanua tena kabla ya baridi. Sio airisi zote zinarudia ua, na zinazorudia nyingi zinarudia zikitaka, ila hii kwangu imerudia misimu miwili mfululizo. Usiinyime maji kiangazi kama unataka irudie, hilo niligundua kwa kulinganisha mashina mawili, moja lililo karibu na bomba na lingine mbali.

Beverly Sills, iliyopewa jina la mwimbaji wa opera, Ben Hager ndo aliizalisha, ikapata Dykes 1985. Pinki ya matumbawe, ndevu rangi ya chungwa iliyoiva kidogo. Inazaa machipukizi kwa kasi, mwaka wa tatu nilikuwa natafuta mtu wa kumgawia. Edith Wolford naye ni wa Hager, Dykes ya 1993, juu njano ya siagi chini bluu ya zambarau, mchanganyiko ambao ukiambiwa kwa mdomo unaweza kukataa na ukiuona unanyamaza. Hii ilinichelewesha, ilichanua msimu wa tatu tu na shina moja, lakini kila aliyepita aliuliza hiyo ni nini. Stairway to Heaven ya Larry Lauer, Dykes 2000, juu nyeupe ya maziwa chini bluu, imara, haina shida yoyote, kama unaanza anza na hii.

Batik ni kitu kingine kabisa. Ni ya Allan Ensminger, ni fupi, haifiki sentimita 70, na petali zake ni zambarau zimechanwachanwa na michirizi myeupe bila mpangilio, hakuna maua mawili yanayofanana, hata kwenye shina moja. Kila asubuhi kwenye msimu ukitoka unaona muundo mpya. Nilimwonyesha mama wa jirani, akasimama pale na kikombe chake mpaka chai ikapoa, siku ya pili akaja kuniuliza nikigawa nimkumbuke. Conjuration ya Monty Byers, Dykes 1998, hii ndevu zake mbele zinachomoka kama pembe ndogo nyeupe zinaelea juu ya petali. Kuna wanaosema ni mbwembwe, airisi haihitaji pembe. Mi naona zinapendeza, hasa jua la jioni likizipiga kwa nyuma.

Before the Storm, ya Sterling Innerst, Dykes 1996, ndo nyeusi. Au niseme karibu na nyeusi, manake nyeusi halisi haipo, ni zambarau iliyozidi kiasi, ukiipanda mbele ya majani meusi inapotea, ipandie nyuma yake kitu cheupe. Mi nimeiweka mbele ya Immortality na ndo uamuzi mzuri kuliko yote niliyofanya kwenye lile tuta.

Na hapo ndo turudi kwenye pakiti. Zile picha za maua mekundu kama damu ni uongo, wadau. Airisi ya ndevu nyekundu ile nyekundu ya waridi haipo, wazalishaji wameitafuta kwa vizazi, wamefika kwenye hudhurungi nyekundu, kwenye rangi ya matofali, kwenye damu ya mzee, nyekundu yenyewe bado. Kwa hiyo muuzaji akikuwekea picha ya airisi nyekundu kama bendera, ujue picha imepakwa rangi na kompyuta, na kama amedanganya kwenye picha jiulize kwenye boksi. Yangu ilivyotoka: rizomu tisa zilizopona upandaji, mbili zilikufa zenyewe baridi ya kwanza, saba zikabaki. Mpaka msimu wa tatu sita zimetoa ua, na kati ya sita tano ni ua lilelile! Zambarau ya kawaida ya zamani, ile inayoota pembezoni mwa barabara na kwenye nyumba zilizohamwa. Ya sita njano. Huo ndo mchanganyiko wa rangi.

Sio ua baya, sitaki kuionea ile zambarau. Ina harufu tamu kuliko nusu ya zile za kisasa, haifi kirahisi, na kama mtu anataka tu kujaza ukingo wa bustani inamfaa kabisa. Lakini mi nakusanya. Na mkusanyaji bila jina amebaki na ua tu. Jina ndo linakwambia nani aliizalisha, mwaka gani, inafika urefu gani, inarudia ua au hairudii, ukitaka kubadilishana na mwenzako anajua unampa nini, ukipoteza unajua cha kutafuta. Shirika la airisi la Marekani, lililoanzishwa 1920, ndo linalotunza usajili wa majina haya yote kwa dunia nzima, kila aina ina kumbukumbu yake na wazazi wake wameandikwa, unaweza ukafuata ukoo wa ua lako nyuma kizazi kwa kizazi. Nyuma ya kila jina kuna mtu aliyechukua chavua ya ua moja akapaka kwenye ua lingine kwa mkono, akapanda mbegu, akasubiri miaka miwili mitatu kuona ua la kwanza, akatupa karibu miche yote akabakiza mmoja. Ile kazi ndo unayoinunua kitaluni. Kwenye pakiti ile kazi imefutwa, na ukishaifuta hairudi, manake zambarau ziko mamia zinazofanana na huwezi kutambua kwa macho tu.

Kitalu nao walikosea kitu kimoja, niseme ukweli. Ile waliyoniandikia Conjuration mwanzoni haikuwa Conjuration, ilitoa ua msimu wa pili likatoka la manjano yote bila pembe. Miaka miwili imepita tangu wanitumie, nikasema hapa watanizungusha. Nikatuma picha mbili. Wakajibu siku ya tatu, mtu halisi, akaniomba radhi, akaniambia ile ya njano anadhani ni ipi ila hana uhakika kwa hiyo nisiiandike jina hilo kwenye lebo, na wakati wa kuchimba ulipofika wakanitumia Conjuration mbili bila kulipa. Niliyoielezea pale juu ndo hiyo, ilichanua msimu wa tatu. Na huo uaminifu wa kusema "usiiandike jina kama huna uhakika" ndo ulionifanya niwaamini kuliko kama wasingekosea.

Lebo nazo nizitaje hapa. Msimu wa kwanza nilitumia vibao vya plastiki na maka, jua likayafuta majina ndani ya miezi michache, na kama nisingekuwa nimechora ramani ya tuta kwenye daftari ningekuwa sasa hivi na rizomu zisizo na jina zilizotoka kitalu cha wenye majina. Sasa natumia vipande vya alumini nakwaruza jina kwa msumari, haifutiki, na ramani naibadilisha kila nikihamisha. Fanya vyote viwili, manake kuna mbwa na kuna watoto.

Kuoza kuliniingilia pia msimu wa pili, kwenye Beverly Sills, na hilo sio kosa la muuzaji. Nilikuwa nimetandaza mabaki ya majani mpaka juu ya mgongo wa rizomu na nikaweka mbolea ya nitrojeni nyingi nikidhani nasaidia, mvua ikaja mfululizo. Majani yakaanza kulala, ukivuta yanachomoka yenyewe, harufu ileile. Nilichimba, nikakwangua kwa kijiko sehemu yote laini mpaka nikafika kwenye nyama ngumu nyeupe, nikaiosha kwa dawa ya klorini ya kufulia sehemu moja kwa maji sehemu tisa, nikaiacha juani siku mbili, nikairudisha sehemu nyingine. Ikapona, na kisu nilikiosha na dawa hiyohiyo kila nilipokata. Tangu hapo mgongo wa rizomu uko wazi mwaka mzima na mbolea naweka ya fosforasi zaidi, kidogo, pembeni.

Mwisho wa msimu wa tatu nimegawa kwa mara ya kwanza. Unasubiri maua yaishe wiki sita hivi, unang'oa fungu lote kwa jembe uma, unatupa rizomu mama zilizokwisha kutoa ua, unabakiza machipukizi yenye mizizi yake. Vaa glavu, ule utomvu unawasha ngozi za watu wengine, na mabaki usiwaachie mbwa au paka wakatafuna, yanawadhuru. Nilipokuwa nakata nilinusa sana manake nilikuwa nimesoma kwamba mizizi ya airisi ndo inayotengenezea manukato ya gharama kubwa, nikasikia harufu ya viazi vibichi tu. Kumbe harufu ile inajitengeneza ndani ya rizomu ikikaushwa na kutunzwa miaka, miaka mitatu hivi, kwa aina kama Iris pallida. Nimeweka vipande viwili kwenye mtungi nione.

Kutoka kwenye tisa za kitalu nimepata rizomu thelathini na nne nzuri. Hapo sasa nikipiga hesabu ya gharama, pakiti iliyoonekana rahisi imenipa zambarau za bure zinazoota popote, na zile "ghali" zimejizidisha karibu mara nne. Mama wa jirani amepata Batik mbili zenye lebo za alumini.

Kitalu: nyota tano kasoro nusu, nusu nimeitoa kwa lile kosa la jina na pia kwa sababu wanatuma mara moja tu kwa mwaka, ukichelewa oda unasubiri msimu mzima, na aina zinazotakwa sana zinaisha mapema, kwa hiyo jiandikishe wapate kukujulisha wakifungua. Najua kutuma mara moja ndo sahihi kwa mmea, ila mtu anaetoa zawadi atapata shida.

Pakiti ya mchanganyiko: nyota moja, na hiyo moja ni ya ile njano. Kama duka lile lingeandika "airisi za zambarau za kupanda ukingoni" na kuzifunga kwenye karatasi ningewapa tatu bila tatizo, manake mmea wenyewe hauna kosa lolote.

Tuta la pili nimeshalichimba. Nimeoda Thornbird, nayo ya Byers, ile ya rangi ya mchanga na kijani ambayo nusu ya watu wanaiona mbaya, na Hello Darkness ikae karibu na Before the Storm nione kwa macho yangu ipi nyeusi zaidi. Zikitoa ua nitarudi kuandika, na kama mwaka wa kwanza zitatoa majani tu nitahesabu machipukizi.